Mwaka Lilipopasuka Litungu la Babu

Walinikalisha kiti cha mbele, karibu na feni, kama wanavyowakalisha wazee ambao hawataki wawafie mikononi. Lilikuwa jumba jipya la sanaa la mkoa, pale Musoma, lenye kuta nyeupe na sakafu ya vigae inayoteleza, na maonyesho ya kwanza kufunguliwa humo yalikuwa ya ala za muziki za watu wa Mara: ngoma, pembe, manyanga, mazeze, kila kitu ndani ya sanduku lake la kioo. Binti mmoja mwenye kitambulisho shingoni alinishika mkono akanizungusha, akanieleza litungu ni nini na Wakurya ni nani. Nilimwacha amalize. Nimefundisha miaka mingi, najua namna ya kumwacha mtu amalize. Katikati ya ukumbi, ndani ya sanduku kubwa kuliko yote, lilisimama litungu la babu yangu, ala yetu kubwa ya kamba, na kwenye ngozi yake ulipita mshono mrefu, pale ambapo kamba hukaa. Niliutambua ule mshono. Ni mshono wa kurudi nyuma tuliofundishwa darasa la tano, mimi na Gati, kwa kushona foronya ambazo hatukuwa na mito ya kuzivisha. Gati alikuwa amekufa miezi minne kabla. Sikwenda kumzika. Nilisema mguu unauma, na kweli ulikuwa unauma, lakini unauma kila siku na sokoni huwa nakwenda.

Aliyenipeleka Musoma ni Mwita, mtoto wa kwanza wa Gati, naye sasa ni mzee mwenye mvi na gari la kubebea maziwa. Alinifuata Tarime ninakokaa, akaniamkia, "Shikamoo mama mkubwa," akanipandisha mbele. Njiani aliniambia kwamba mama yake ndiye aliyelitoa litungu kwa watu wa jumba la sanaa, kabla hajazidiwa, na kwamba aliandika kwa mkono wake karatasi ya kuwekwa pembeni ya sanduku. "Aliagiza uisome wewe, siku ya ufunguzi, mbele ya watu," akasema. "Alisema wewe ndiye mwenye sauti ya kusoma." Nilifurahi. Sitaki kujifanya. Mwanamke wa umri wangu, asiye na mtoto wala boma lake, anayepanga vyumba viwili nyuma ya stendi, anafurahi sana akiambiwa kwamba kuna kitu amebaki anakiweza kuliko wengine. Na nilikuwa na sababu nyingine ya kufurahi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemwomba Gati kwamba nikifa wanizike bomani kwake, kwa sababu kwetu mtu huzikwa kwenye boma, na mimi langu ni lipi? Kila nilipomwomba alinijibu neno moja, "Tutaona." Niliona heshima ile ya kusoma ni dalili njema.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni wa miaka ya hamsini, mwaka ambao mke wa Bwana Shauri wa Tarime, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alishikwa na hamu ya kukusanya ala za muziki za wenyeji ili aziweke mezani, wageni kutoka Mwanza waje wazione. Sisi tulimwita Memsahibu, na jina lake halisi sikulijua hadi alipoondoka. Mimi na Gati tulikuwa watoto wa ndugu wawili. Babu mmoja, boma moja, kitanda kimoja, dawati moja. Nilimzidi miezi saba. Tulikuwa tumemaliza darasa la nane shule ya misheni, jambo ambalo wasichana wa upande wetu walilisikia tu kama wanavyosikia habari za bahari, na chuo cha ualimu kilikuwa kimeandika kwamba kutoka wilaya yetu kitapokea msichana mmoja. Memsahibu ndiye angeandika barua ya kumsifia huyo mmoja. Akasema atatuchukua wote wawili tumsaidie na maonyesho yake, halafu ataamua.

Habari hiyo ilifika kwetu Gorong'a ikapokelewa kwa utulivu ambao mpaka leo unanitia baridi. Tulikuwa tunasaga ulezi nyuma ya ghala, mimi na Gati, kila mmoja na jiwe lake, na upande wa pili walikuwa wamekaa baba yangu, baba yake Gati, na Bibi Nyangi. Huyu Bibi Nyangi alikuwa mjane mwenye ng'ombe wengi kuliko mwanamume yeyote wa upande ule, na hakuwa amezaa mtoto wa kiume. Mwanamke wa namna hiyo kwetu ana ruhusa ya kuoa. Hutoa ng'ombe, huleta msichana ndani ya nyumba yake, hutafuta mwanamume wa kumzalisha, na watoto wakizaliwa huwa wa jina la yule bibi. Ndiyo nyumba ntobhu. Wapo walioishi humo vizuri. Lakini sisi tulikuwa tumesoma mpaka darasa la nane, na tulimjua Bibi Nyangi. Msichana wa kwanza aliyemwoa alikuwa amekimbilia Kenya na mkono uliovunjika. Mawe yetu yalisimama yenyewe tuliposikia sauti yake.

"Mzungu achague kwanza," alisema. "Atakayebaki ni wangu."

"Unamtaka yupi?" baba yangu akauliza.

"Sichagui mimi. Wote wana mikono."

Wakacheka. Baba yake Gati akasema labda Mzungu atawapenda wote, na Bibi Nyangi akajibu kwamba nafasi ni moja, ameshauliza, na yeye ana subira. Nilimtazama Gati. Yeye hakunitazama, aliinama tu akaanza kusaga tena, kwa nguvu, ili wasijue kwamba tulikuwa tumesimama. Alikuwa mwepesi wa akili kwa mambo ya namna hiyo. Mimi nilibaki na unga mkononi.

Memsahibu alitupa chumba cha stoo nyuma ya nyumba yake, chenye magunia ya viazi, kitanda cha waya na dirisha dogo la wavu. Kilinuka mafuta ya taa. Asubuhi mpishi alituletea chai ya rangi na mkate, mchana viazi vilivyopondwa bila chumvi, na Gati alilalamika kila siku kwamba tumbo lake linataka maziwa ya mgando na ugali unaoshikika. Alilalamika kwa namna iliyomchekesha mpishi, mpaka siku ya nne mpishi akaanza kumletea maziwa kwenye kikombe cha bati, kwa siri. Kikombe kimoja. Gati alininywesha nusu, sikatai. Lakini aliyeletewa ni yeye. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila tulipokwenda: mimi nilipewa nilichostahili na Gati alipewa alichotaka. Mwandiko wangu ulikuwa bora, hesabu zangu zilikuwa bora, na watu walimwita yeye kwanza. Nilimwonea wivu tangu siku ambayo sikumbuki, na wivu ule nilikuwa nimeuzoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vibandiko. Memsahibu alinipa kalamu ya kuchovya, wino wa buluu na vipande vya karatasi ngumu, nami niliandika: PEMBE, Waikoma. ZEZE, Nyamongo. NYATITI, Wajaluo. Maneno matatu au manne, basi. Kazi ya Gati ilikuwa kuongea na wazee waliozileta ala zenyewe. Walikuja kwa miguu kwenye ukumbi wa baraza wa Tarime, mahali pa maonyesho, wengine mwendo wa siku mbili, na walipoona vitu vyao vimelazwa juu ya meza zenye vitambaa vyeupe walishangaa. Mzee mmoja kutoka Ikoma aliuliza, "Mbona mmezilaza? Zimekufa?" Karani Salum, kijana wa mjini aliyekuwa akiandika majina mlangoni, akamjibu, "Mzee, hapa ni pa kutazama tu. Ukitaka kelele nenda pombeni." Akacheka peke yake. Yule mzee alinyoosha mkono kugusa pembe lake mwenyewe, Salum akaupiga ule mkono kwa rula. Si kwa nguvu. Kama unavyompiga mtoto anayegusa chungu. Gati alikwenda akamshika mzee mkono uleule, akamwongelesha kwa lugha yao ya Ikoma aliyoijua nusunusu, mpaka mzee akacheka. Memsahibu alikuwa amesimama dirishani akitazama. Nami nilimwona akitazama.

Kitu kilichokosekana ni litungu. Babu alikuwa nalo, na lilijulikana kuanzia kwetu hadi Sirari: gogo lililochongwa likawambwa ngozi, mikono miwili ya mti, na kamba nane za mishipa ya ng'ombe. Lilikuwa zito, na lilipopigwa uliisikia sauti yake tumboni kabla ya masikioni. Babu alilipigia waliokufa na ng'ombe walioibiwa. Mtu wa Memsahibu alikwenda kuliomba mara mbili, babu akamfukuza. Gati akaomba ruhusa ya kwenda mwenyewe, nami nikamfuata kwa sababu sikutaka awe peke yake na sifa hiyo. Tulimkuta babu amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, analipaka samli. Gati hakumwomba. Alichukua kitambaa akaanza kupaka mkono wa pili wa litungu, kimya, mpaka babu mwenyewe akauliza, "Huyo Mzungu analitaka la nini?"

"Anataka kulionyesha kwa wenzake."

"Wenzake hawana macho ya kuja hapa?"

"Hawana miguu, babu."

Akacheka. Akakubali, kwa sharti. Litungu likishapigwa, kamba zake hulegezwa, ngozi ipumzike. Haliwekwi juani kamba zikiwa zimekazwa, kwa sababu jua huivuta ngozi na kamba huikandamiza, na kati ya hivyo viwili lazima kimoja kishindwe. Kazi ya kulegeza kwenye nyumba yetu ilikuwa ya mtoto wa kiume anayepewa na mwenye litungu, naye huifanya kwa mkono wake. Haigawiwi. Hata akiwa mgonjwa, huletwa litungu alipolala akalegeza. Wanawe waliokuwa wamepewa kazi hiyo walikuwa wamekufa, na hao waliobaki, baba zetu, hawakuwahi kupewa. Babu akamtazama Gati muda mrefu. "Kamba ni zako," akamwambia. Nilikuwa nimesimama palepale, hatua mbili, mkubwa kwa miezi saba, na hakunitupia hata jicho.

Siku ya ufunguzi babu alifika mapema, amevaa koti la zamani la jeshi, ndevu zimechanwa. Memsahibu alitaka kulisikia litungu kabla ya wageni, basi babu akapiga kidogo mle barazani, na hata Salum akaacha kuandika. Kisha babu akaambiwa wageni watafika saa nane, akaenda kula kwa jamaa zake, na akiwa mlangoni akamwambia Gati, "Legeza." Gati alikuwa ameinama kushika kamba ya kwanza Memsahibu alipomwita kutoka nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja, aje apige pasi vitambaa vya meza, haraka, haraka. Gati akasimama. Alisitasita. Halafu akaniambia, "Bhoke, nilegezee. Nitarudi nizishike tena mwenyewe." Nikamwambia, "Nenda."

Nilitaka kulegeza. Hilo nalisema mara moja na sitalirudia, kwa sababu halina faida. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kamba niliposikia Memsahibu akiongea na Salum nje ya dirisha, kwa Kiswahili chake. Alikuwa amekuja kuchukua orodha ya wageni. "Gati," alisema. "Ile nyingine naandika mzuri sana, lakini wazee nasikiliza Gati. Mwalimu lazima watu nasikiliza yeye." Salum akajibu, "Ndiyo Memsahibu." Basi. Maamuzi ya maisha yangu yalichukua muda wa mtu kukunja karatasi. Nilimsikia tena Bibi Nyangi upande wa pili wa ghala, nikauona ule mkono uliovunjika, na subira yake.

Nililibeba litungu, kamba zote nane zimekazwa, nikalitoa kwenye veranda ya nyuma, pale jua la saa tano lilipokuwa linapiga saruji na bati, nikaliegemeza ukutani uso wake ukitazama jua. Halafu nilirudi mezani nikaandika vibandiko vinne vilivyokuwa vimebaki. Watu wangependa kusikia kwamba mkono ulinitetemeka. Haukutetemeka. Mwandiko wangu wa siku ile ulikuwa mzuri kuliko siku zote, na Memsahibu alivihifadhi vile vibandiko mpaka alipohama. Ilipokaribia saa nane nikalirudisha mahali pake. Ngozi ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikaweka kibandiko mbele yake: LITUNGU, Wakurya. Gati alirudi akihema, mikono imemwiva kwa pasi, akaniuliza kwa macho tu, nikaitikia kwa kichwa. Wageni walikuwa wameshaanza kuingia, Salum akamsukuma nyuma ya mstari na wengine wote, na hakupata nafasi ya kuzishika kamba. Tulisimama pamoja. Mkono wake ulitafuta wangu akaushika, kwa sababu alikuwa anaogopa wakubwa, kisha nikahisi anavuta pumzi. Mkono wangu ulinuka samli ya litungu, na ulinuka ile harufu ya samli iliyopata moto. Aligeuka akanitazama. Hakuniachia mkono.

Hotuba ilikuwa ndefu. Mkubwa kutoka Mwanza alisema mambo mazuri kuhusu kuhifadhi, na Salum akayatafsiri kwa kuyafupisha. Kisha babu akaitwa. Alikaa kwenye kigoda chake, akaliegemeza litungu, na nilimwona anasita alipoigusa ngozi, lakini watu walikuwa wanamtazama. Akapiga kamba ya kwanza, ile nene. Ngozi ikachanika kutoka juu mpaka chini, kwa sauti ya mtu anayechana kanga. Halafu wageni wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walidhani ndivyo muziki wenyewe unavyoanza, na mama mmoja wa Kizungu akapiga makofi. Salum akacheka kwa sababu wao wamecheka. Babu alikaa na litungu lake mapajani, kamba zimening'inia, akimtazama kila mtu aliyekuwa anacheka, mmoja mmoja, bila haraka.

Walimpeleka veranda ya nyuma, ileile. Tukaitwa. Babu hakupandisha sauti. Alimuuliza Gati kwa Kikurya, "Ulilegeza?"

"Niliitwa, babu. Nilimwambia Bhoke."

Akanigeukia. Hiyo ndiyo mara pekee mwaka ule babu aliponitazama usoni. "Alikwambia?"

"Hakuniambia kitu," nikasema.

Gati akafungua mdomo. Babu akainua kidole, akamuuliza yeye, si mimi, "Kamba nilimpa nani?"

"Ulinipa mimi."

"Basi."

Ndipo nilipojua kwamba uongo wangu haukuhitajika hata. Kwa babu, Gati alikuwa amejihukumu kwa kusema kweli: alikiri kwamba alimpa mtu mwingine kazi isiyogawiwa. Uongo wangu ulihitajika kwa Memsahibu tu, aliyekuwa amesimama mlangoni akitafsiriwa na Salum, uso umemwiva kwa aibu ya mbele ya wageni. Alisema msichana anayesingizia wenzake hawezi kukabidhiwa watoto wa watu. Babu naye alikuwa na neno lake. Alilisema akiwa amesimama, mkono juu ya ngozi iliyochanika, na mzee wa Kikurya akisema neno akiwa amesimama hivyo halifutwi na mtu. "Mkono ulioipasua ngozi hii," alisema, "usinitupie udongo."

Barua yangu iliandikwa kesho yake. Ng'ombe wa Bibi Nyangi walifika Gorong'a kabla ya mwezi kwisha. Siku walipomchukua Gati alikuwa amevaa kanga mpya, amepakwa mafuta, na wanawake walikuwa wakiimba kwa sababu siku ya namna hiyo lazima waimbe. Alinijia nilipokuwa nimekaa nyuma ya ghala. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alisema, "Nipe ile kalamu." Memsahibu alikuwa amenipa ile kalamu ya kuchovya iwe zawadi. Nikamwambia nitaihitaji chuoni. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeuliza bei akaona ni kubwa, akaenda. Nimeulizwa na watu wengi katika maisha yangu kama nimewahi kufanya jambo baya. Huwa nafikiria kalamu, kabla ya litungu. Kwa litungu nilikuwa na hofu. Kwa kalamu nilikuwa nimeshashinda.

Babu hakupiga tena. Alikaa mlangoni na mikono mitupu, akawa anakula kidogo, na wakati wa kuvuna ulezi akafa. Msiba ulijaa, walitoka watu mpaka Nyamongo, lakini haukuwa na litungu. Watu waliupita ule ukimya bila kuutaja, wakila nyama. Tulipofika kaburini wazee walimwambia Gati asimame kwenye mlango wa zizi, mbali. Alikuwa amekuja nyuma ya Bibi Nyangi, amekonda, na jicho moja limevimba. Alisimama walipomwambia, akaikunja mikono yake ndani ya kanga na kuifunga, yeye mwenyewe, asije akasahau. Wajukuu tukaitwa mmoja mmoja. Nilipofika zamu yangu nilichukua udongo kwa mkono wa kulia na kuutupa. Ulikuwa na unyevu, mwingine ukabaki kwenye kucha. Nikamwomba babu msamaha? Hapana. Nilikuwa naogopa kwamba mkono utakauka palepale, watu wakaona. Haukukauka. Nilipoinua macho Gati alikuwa anautazama, huo mkono, si mimi. Wiki iliyofuata nilipanda lori kwenda chuoni.

Yaliyofuata ni ya sura nyingine, na mengi ni ya kawaida. Nilifundisha. Sikuolewa, sikuzaa. Bibi Nyangi alikufa mapema kuliko subira yake, na Gati akabaki na nyumba, ng'ombe na watoto saba, akawa mtu mzito anayeitwa kwenye vikao. Aliwaleta watoto wote darasani kwangu. Kila mwisho wa mwezi alinitumia kibuyu cha maziwa ya mgando, miaka yote, na kibuyu kikirudi kitupu kilitumwa tena kimejaa. Hakunitajia litungu hata siku moja. Nilijiambia amesamehe, halafu nikajiambia amesahau, na uzee ulipokuja nikaanza kujiambia kwamba labda hakujua. Mtu akiwa na miaka ya kutosha anaweza kujiambia chochote. Litungu nilidhani lilikwisha kuwa kuni.

Basi, Musoma. Hotuba zilikuwa ndefu kama zile za Tarime. Kisha yule binti wa kitambulisho akatangaza kwamba mwalimu mstaafu, jamaa wa marehemu, atatusomea maneno aliyoyaandika marehemu mwenyewe kwa mkono wake. Wakapiga makofi. Nikavaa miwani, nikaishika karatasi. Ilikuwa wino wa buluu. Mwandiko ulikuwa wetu, ule wa mviringo wa misheni, ila umetetemeka. Nikasoma kwa sauti yangu ya darasani:

"Litungu hili lilikuwa la babu yetu wa Gorong'a. Lina kamba nane za mishipa ya ng'ombe. Likishapigwa, kamba hulegezwa na yule aliyepewa kazi hiyo, kwa mkono wake. Mwaka wa maonyesho ya Tarime nilipewa mimi, nikamwachia mwingine. Hilo ni kosa langu. Ngozi ilipasuka. Nimeishona."

Mstari mmoja ulikuwa umebaki. *Mkono ulioipasua ndio uliomtupia babu udongo.*

Niliuona wote kwa mara moja. Hakuna hata mmoja mle ndani ambaye angeuelewa. Wote waliokuwepo kaburini wamekufa. Ningeweza kuusoma kama ninavyosoma tangazo la mnada. Watu walikuwa wanangoja, feni inazunguka, mkono wangu wa kulia uko pale mbele ya macho yangu, umeshika karatasi. Nikasema, "Ni hayo tu," nikaikunja. Makofi yalikuwa mengi. Binti akanisifu kwa sauti niliyo nayo bado.

Tulikuwa tumeshapita Nyamwaga... hapana, nakosea, tulikuwa bado hatujafika Tarime, jua linashuka, Mwita alipoongea bila kuondoa macho barabarani.

"Mama mkubwa, uliuruka mstari wa mwisho."

Nikamwambia macho yangu yamechoka.

"Sawa," akasema. "Mimi sijui maana yake, na mama alinikataza kukuuliza. Aliniambia hivi: akiusoma wote, mwambie aje apumzike kwetu, kando yangu, nimeshamwachia nafasi. Akiuruka, mrudishe kwake salama, mshukuru."

Nilimuuliza tu kama mama yake alidhani nitasoma au nitaruka. Mwita alifikiri. Ni mtu mkweli, kama mama yake.

"Alisema hana haja ya kubahatisha," akajibu. "Alisema maziwa nisiyakatishe."

Alinifikisha mlangoni. Alizunguka akanifungulia mlango wa gari, akaushika mkono wangu wa kulia nisijikwae kwenye ngazi, akanishukuru.